Maafa ya dunia na bima: hasara ya nani inayohesabiwa?

Kila mwaka unapokwisha, kampuni chache kubwa za Ulaya hutoa hesabu ya maafa ya asili yaliyoikumba dunia. Zinazonukuliwa zaidi ni Munich Re ya Ujerumani na Swiss Re ya Uswisi. Magazeti huinakili hesabu hiyo, redio huisoma, na kichwa cha habari huwa kile kile: hasara zenye bima zimefika dola bilioni kadha wa kadha. Kwa mwaka 2024, Munich Re ilisema maafa ya asili yaliharibu mali ya kama dola bilioni 320, na katika hizo kama bilioni 140 zilikuwa na bima. Zigeuze hizo bilioni 140 kwa shilingi zetu utapata kama trilioni 18, yaani kama mara nne ya bajeti ya serikali ya Kenya kwa mwaka mzima.

Nimekuwa nikizifuatilia hesabu hizi kwa miaka kadhaa, na naandika makala haya kwa sababu naona zinasomwa visivyo. Mtu akisikia "hasara zenye bima zimepungua mwaka huu" hudhani dunia imepata nafuu. Akisikia zimepanda, hudhani wanadamu wameumia zaidi. Lakini tarakimu hiyo hupima jambo moja tu: pesa ambazo kampuni za bima zimelipa au zitalipa. Mahali pasipo na bima, hata mji ukizolewa wote na maji, tarakimu haitikisiki. Sisi wa Pwani tuna haja ya kulielewa hilo, maana wengi wetu tuko upande usiohesabiwa.

Tarakimu mbili katika ripoti moja

Ripoti hizi huwa na tarakimu mbili. Ya kwanza ni hasara yote: nyumba zilizobomoka, barabara, madaraja, mashamba, mifugo, viwanda, bidhaa za madukani. Ya pili ni sehemu ya hasara hiyo ambayo mwenyewe alikuwa ameikatia bima, na kampuni inawajibika kumlipa. Ukitoa ya pili katika ya kwanza, kinachobaki ni mzigo ambao mtu, jamaa zake au serikali yake wataubeba wenyewe. Kwa mwaka 2024 mzigo huo ulikuwa kama dola bilioni 180.

Tarakimu ya pili huwa na uhakika zaidi kwa kuwa ina makaratasi. Mwenye mkataba hudai, kampuni hutuma mkaguzi, malipo huandikwa vitabuni. Ya kwanza ni makadirio, na kadiri nchi ilivyo maskini ndivyo makadirio yanavyozidi kuwa ya kubahatisha. Nyumba ya udongo na makuti haina hati wala stakabadhi. Mbuzi kumi waliozama hawakuandikwa popote. Na roho za watu hazimo katika tarakimu yoyote kati ya hizo mbili. Idadi ya waliokufa huwekwa kando, katika mstari wake.

Haiti, Chile na mwaka wa mvua ya mawe

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2010. Tarehe 12 Januari tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti karibu na mji mkuu wake, Port-au-Prince. Serikali ya huko ilitaja vifo zaidi ya 200,000. Mali iliyoharibika ilikadiriwa kuwa ya kama dola bilioni 8, na katika hiyo iliyokuwa na bima ni kama dola milioni 200 tu. Wiki sita baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 8.8, lenye nguvu mara mamia kuliko lile la Haiti. Walikufa watu kama 525. Hasara yote ilikuwa kama dola bilioni 30, na yenye bima kama bilioni 8.

Kwa hiyo katika daftari la bima, msiba wa Chile ulikuwa mkubwa mara 40 kuliko wa Haiti. Chile ilikuwa na sheria kali za ujenzi zilizookoa watu, na ilikuwa na bima iliyookoa mali. Haiti haikuwa na hili wala lile.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu zaidi ya 220,000 kuanzia Indonesia hadi Somalia, na mawimbi yake yakafika hata fukwe zetu hapa Kenya. Waathiriwa wengi walikuwa wavuvi na wakaazi wa vijiji vya pwani, na sehemu ndogo tu ya hasara ndiyo iliyokuwa na bima. Kimbunga Nargis kilichoipiga Myanmar mwezi Mei 2008 kiliacha watu kama 138,000 wamekufa au hawajulikani walipo. Kwa soko la bima la dunia, ni kama hakikupita.

Mwaka 2023 ulitoa picha nyingine. Mwezi Septemba dhoruba iliyopewa jina la Daniel ilivunja mabwawa mawili juu ya mji wa Derna, Libya, na usiku mmoja maelfu ya watu wakasukumwa na maji hadi baharini. Mwaka huo huo dhoruba za radi na mvua ya mawe, nyingi zikiwa Marekani, zilizigharimu kampuni za bima kama dola bilioni 60. Mapaa yalitobolewa, magari yakabonyezwa, na wenyewe walilipwa. Siwaonei kijicho, walikuwa wamelipa ada zao. Nasema tu kwamba ukiisoma hesabu ya mwaka huo bila kujua inavyofanywa, utadhani mapaa ya Texas yalikuwa msiba mkubwa kuliko Derna.

Hata ndani ya nchi moja tarakimu hizi huchagua. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 ni miongoni mwa mafuriko ya gharama kubwa kabisa katika historia ya bima, kama dola bilioni 15. Sababu ni viwanda vya magari na vya vifaa vya kompyuta vilivyojengwa katika uwanda wa mafuriko kaskazini mwa Bangkok, vingi vikiwa vya Wajapani. Viwanda hivyo vilikuwa na bima. Mkulima wa mpunga aliyezungukwa na maji yale yale, mara nyingi, hakuwa nayo.

Chama cha kufa na kuzikana, na chama cha dunia

Bima si jambo geni kwetu kama tunavyodhani. Mitaani tunavyo vyama vya kufa na kuzikana. Kila mwanachama hutoa kidogo kidogo, na mmoja akifikwa, chama humtoa. Hesabu yake hutimia kwa sababu hatufikwi sote siku moja. Bima ya kawaida ya moto au ya gari hufuata hesabu hiyo hiyo.

Maafa ya asili huivunja. Mafuriko yakiingia mtaani, yamewaingilia wanachama wote pamoja, na aliyetakiwa kuchangia ndiye naye anayesubiri kuchangiwa. Kampuni iliyokata bima za mji mmoja tu inaweza kufilisika kwa usiku mmoja. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida mwezi Agosti 1992, kampuni za bima zilidaiwa kama dola bilioni 15, na kadhaa zikafunga milango.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani, na mfanyabiashara wa jahazi ataielewa mara moja: shehena yote haipakiwi katika chombo kimoja. Kampuni ya bima nayo hujikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, ambayo imechukua hatari za Japani, Ujerumani, Australia na Kenya kwa pamoja, kwa kutegemea kwamba hazitapigwa zote mwaka mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya Munich Re, iliyoanzishwa mwaka 1880, na ya Swiss Re, iliyoanzishwa mwaka 1863 baada ya moto mkubwa kuuteketeza mji wa Glarus, Uswisi, mwaka 1861. Soko la Lloyd's la London lilianzia katika mkahawa wa kahawa wa karne ya 17, ambako wenye meli walikutana na watu waliokuwa tayari kubeba sehemu ya hatari ya safari kwa malipo.

Sasa msomaji ataona kwa nini ni kampuni hizi zinazotoa hesabu ya maafa kila mwaka. Wao ndio wanaolipa, na kwao hesabu hiyo ni ya biashara. Hawakuitengeneza ili ipime machungu ya wanadamu, na si haki kuwalaumu kwa hilo. Lawama ni yetu sisi tunaoisoma kana kwamba inayapima.

Neno moja katika mkataba

Hata aliye na bima hana uhakika mpaka ajue mkataba wake unasema nini. Tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906 lilifuatiwa na moto uliounguza sehemu kubwa ya mji. Mikataba mingi ilikuwa ya moto, na kampuni kadhaa zilikataa kulipa zikidai kwamba nyumba ilikwisha kuanguka kwa tetemeko kabla ya kuungua. Nyingine zililipa, na zikajenga jina lililodumu. Nyingine zilifilisika.

Karibu miaka mia baadaye ugomvi ulikuwa ule ule kwa sura nyingine. Kimbunga Katrina kilipofika Marekani tarehe 29 Agosti 2005, kingo za New Orleans zilivunjika na sehemu kubwa ya mji ikajaa maji. Kampuni za bima zililipa kama dola bilioni 41. Lakini bima ya kawaida ya nyumba ya huko hulipa uharibifu wa upepo, haulipi mafuriko. Mafuriko yana mpango wake wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, na si kila mtu alikuwa amejiandikisha. Kesi za kuamua kama nyumba fulani ilibomolewa na upepo au na maji ziliendelea mahakamani kwa miaka.

Na hapa sihitaji kwenda mbali. Jirani yangu mwenye duka la nafaka hapa Mombasa aliingiliwa na maji katika mvua za Novemba 2023, akapoteza magunia ya mchele, unga na maharagwe. Alikuwa na bima, tena ada alikuwa akilipa bila kukosa. Alipokwenda kudai akaonyeshwa karatasi yake mwenyewe: moto na wizi. Mafuriko yangeweza kuongezwa kwa malipo ya ziada, ila hakuna aliyemwambia siku alipotia sahihi, naye hakuuliza. Hasara yake haimo katika hesabu yoyote ya hasara zenye bima.

Bei hupanda hata kwa asiyepigwa

Kwa kuwa kampuni zimefungamana, maafa ya mbali hupandisha bei ya karibu. Baada ya mwaka mbaya, kampuni kubwa huongeza ada kwa kampuni ndogo, na ndogo huwaongezea wateja wao. Wakati mwingine huondoka kabisa. Mwezi Mei 2023 State Farm, kampuni kubwa kuliko zote za bima ya nyumba California, ilitangaza kwamba haitapokea maombi mapya ya bima ya nyumba katika jimbo hilo, ikitaja gharama za ujenzi na hatari ya moto. Mwezi Januari 2025 moto ukateketeza vitongoji vizima vya Los Angeles, na malipo ya bima yakakadiriwa kufika dola bilioni 40. Ni maafa ya moto wa nyika ya gharama kubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa na kampuni za bima.

Utajiri peke yake hautoshi, basi. Ujerumani, nchi ya Munich Re yenyewe, ilipopigwa na mafuriko ya mwezi Julai 2021 yaliyoua watu zaidi ya 180, wengi wao katika bonde la Ahr, chini ya nusu ya nyumba zake ndizo zilizokuwa na bima inayogusa mafuriko.

Nchi nyingine zimejaribu nini

Ziko nchi zilizoamua kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa soko peke yake. New Zealand iliunda mfuko wa serikali wa matetemeko mwaka 1945: anayekata bima ya moto ya nyumba hukatwa na mchango wa tetemeko humo humo. Uturuki, baada ya tetemeko la Agosti 1999 lililoua watu zaidi ya 17,000, ilianzisha bima ya lazima ya tetemeko kwa nyumba za mijini. Haikumfikia kila mtu. Tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 lilipoua zaidi ya watu 50,000 Uturuki na Syria, sehemu kubwa ya hasara bado ilikuwa haina bima. Lakini walikuwepo waliolipwa ambao bila mpango ule wasingepata kitu.

Visiwa vya Karibiani viliungana mwaka 2007 na kuanzisha mfuko wa pamoja, CCRIF. Mfuko huu haungoji mkaguzi ahesabu nyumba. Hutazama kipimo: upepo umefika kasi gani, ardhi imetikisika kiasi gani. Kipimo kikifika, serikali hulipwa. Haiti ilipopigwa mwaka 2010 ilipata kama dola milioni 7.75 ndani ya siku 14. Ukilinganisha na msiba, ni tone. Ila zilikuja upesi, wakati ahadi nyingine zilikuwa bado kwenye mikutano.

Bima ya kipimo ina mitego yake. Jamaica ilikuwa na kinga ya dola milioni 150 kwa njia ya hati fungani za maafa. Kimbunga Beryl kilipoipitia mwezi Julai 2024 kikavunja nyumba na kuharibu mashamba, kipimo kilichoandikwa hakikufikiwa, na kinga hiyo haikutoa hata senti. Tarehe 28 Oktoba 2025 kikaja kimbunga Melissa, kikali zaidi, na dola zote milioni 150 zikalipwa. Malawi nayo ilikata bima ya ukame kwa mfuko wa Afrika, African Risk Capacity. Mvua za msimu wa 2015/16 ziliposhindwa na mamilioni ya watu wakakosa chakula, hesabu ya kompyuta ilisema hakuna cha kulipwa. Kumbe ilidhani wakulima wamepanda mahindi ya muda mrefu, ilhali wengi walipanda ya muda mfupi. Hesabu iliporekebishwa, Malawi ililipwa kama dola milioni 8.

Hapa Kenya tumeanzia kwa wafugaji. Mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit bima ya mifugo inayotumia setilaiti: chombo hutazama ukijani wa malisho kutoka angani, na ukipungua kupita kiwango, mfugaji hulipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Kampuni ya takaful ikaipeleka bima hiyo Wajir kwa utaratibu wa michango unaokubalika kwa Waislamu, na mwaka 2014 wafugaji wa huko walipokea malipo. Baadaye serikali ikaingia na mpango wake wa kulipia sehemu ya mifugo katika kaunti za ukame.

Na sisi wa Pwani?

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilijaza maji mitaa ya Mombasa. Masika ya 2024 yaliua karibu watu 300 nchini, na Mto Tana ukawafukuza watu makwao Garissa na Tana River. Bima nchini mwetu, ukijumlisha aina zote, ni kama asilimia 2 tu ya pato la taifa, na kubwa ndani yake ni ya magari, afya na maisha. Nyumba ya mkaazi wa kawaida, mashua ya mvuvi, shamba la mwembe na mnazi, hayo karibu yote yako nje.

Maoni yangu ni kwamba tusiambiwe bima itatutatulia kila kitu. Mtaro ulioziba hauzibuliwi na mkataba wa bima. Mikoko iliyokatwa haioti kwa sababu umelipa ada. Fedha ya kaunti ianze na mitaro, mikoko na onyo linalowafikia watu mapema, kwa lugha yao. Lakini baada ya hayo, kaunti zetu za Pwani zingeweza kukaa pamoja kama walivyokaa wenzetu wa Karibiani, na kujikatia kinga moja ya mafuriko inayolipa haraka. Kaunti moja ni dhaifu mbele ya wauza bima. Sita zina sauti. Na kipimo kitakachotumika kikubaliwe mbele ya wakulima, wafugaji na wavuvi wanaoijua mvua na bahari, yasije yakatukuta ya Malawi.

Kwa mwenye duka, nyumba au chombo, nashauri maswali manne kabla ya kutia sahihi. Je, mafuriko yameandikwa kwa jina lake, au ni moto na wizi tu? Maji ya bahari yanayopanda yanahesabiwa kuwa mafuriko, au yametengwa? Nitabeba mwenyewe kiasi gani kabla ya kampuni kuanza kulipa? Na hadi malipo yatoke, kampuni ina muda gani? Omba jibu kwa maandishi. Kama mkataba ni wa Kiingereza na hukielewi, mpe mtoto wako aliyesoma akusomee neno kwa neno. Hakuna haya katika hilo.

Na mwaka mwingine utakapokwisha, redio ikataja tena bilioni za hasara zenye bima, uliza tarakimu ya pili: hasara zisizo na bima ni ngapi, na ziko kwa nani.